Bomba Linakunywa

Nyumbani kwa Zefania, pale Kintinku, ng'ombe hawasubiri kuitwa. Ikifika saa kumi jioni wanarudi kutoka machungani, vumbi hadi kwenye kope. Wanakwenda moja kwa moja kwenye hori la maji. Ukichelewa kuwafungulia koki, shauri yako. Watakusukuma wewe na ndoo yako.

Mwaka huo mvua zilichelewa. Desemba ilifika na ardhi bado kavu. Kazi ya kufungua koki ilikuwa ya Lea. Alikuwa amerudi likizo kutoka Singida mjini, alikokuwa anasoma kidato cha tano. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kufika hapo. Baba yake, Zefania, alishindwa kabisa kulinyamazia jambo hilo. Mtu akimuuliza njia ya kwenda stesheni, alimwelekeza, kisha akaongeza, "Binti yangu anasoma fizikia."

"Baba, unaniaibisha," Lea alisema.

Lakini alikuwa anapenda, tusidanganyane.

Maji ya kwao yalitoka kwenye tangi la kijiji, juu ya mwinuko nyuma ya nyumba. Bomba nene lilishuka kutoka tangini hadi uani, likaishia kwenye koki moja kubwa. Koki hiyo ndiyo iliyojaza ndoo za nyumbani. Ndoo zikishajaa, ilijaza hori la ng'ombe.

Mwezi wa kumi ng'ombe walilikanyaga bomba hilo kule juu, likapasuka. Zefania hakumwita fundi. Alikata sehemu iliyopasuka. Stoo alikuwa na kipande cha bomba, ila kilikuwa chembamba. Akakichomeka hivyo hivyo katikati ya lile nene, akafunga maungio kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Akavuta, akakaza, akapiga fundo.

"Hapo hata tembo hafungui," alisema.

Tembo hakuja. Ila koki ilipofungwa, mpira ule ulivuja. Pakawa na kidimbwi juu ya bomba. Mbuzi walikunywa hapo, wakakojoa hapo, wakaacha na kinyesi chao hapo hapo. Hakuna aliyejali. Kuvuja kidogo si kitu, walisema.

Aliyejali alikuwa mmoja tu, Bibi Dorkas, mama yake Zefania. Bibi alikuwa amevuka miaka sabini, na mtu akimwambia apumzike aliona ametukanwa. Kila jioni alikwenda kule juu na vitoto vya mbuzi, akakaa kwenye jiwe karibu na bomba. Macho yake hayakuona tena tundu la sindano, lakini vitu vya mbali na vya pembeni aliviona vizuri kuliko vijana.

Jioni moja walikuwa wanakula ugali wa uwele na mlenda. Bibi alinawa mikono, akamgeukia Lea.

"Mjukuu wangu, lile bomba la juu linakunywa."

Lea alicheka mpaka akaweka tonge chini.

"Bibi! Bomba halinywi. Bomba linanywesha!"

Zefania naye akacheka. Faith, mama yake Lea, akajizuia, lakini mabega yalimtikisika.

"Chekeni," Bibi alisema. "Mimi nimekaa pale. Koki ikifungwa, maji yanatoka kwenye mpira, kidimbwi kinajaa. Mkiifungua kidogo, hakuna neno. Lakini leo mmeifungua yote kwa ajili ya ng'ombe. Kidimbwi kikaanza kupungua. Jani lilikuwa linaelea. Likasogea lenyewe mpaka kwenye mpira, likanata. Nikalitoa. Likarudi. Lilikuwa linavutwa."

Kicheko kikapungua. Faith alitazama ndoo ya maji ya kunywa iliyokuwa pembeni.

"Sasa wewe msomi," Zefania alimwambia Lea, "unasemaje?"

Lea alikaa vizuri. Hapa ndipo alipopata nafasi yake. Alikuwa amesoma mambo ya maji na mabomba muhula ule ule, na mtihani aliufaulu vizuri.

"Baba, pale ni pembamba. Maji yakifika pembamba yanakwenda kasi. Yakienda kasi, presha inakuwa kubwa. Si unaona ukibana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole, maji yanavyoruka kwa presha? Sasa presha kubwa inasukuma nje. Uchafu hauwezi kuingia. Labda upepo ndio uliosukuma lile jani."

"Hapakuwa na upepo," Bibi alisema.

"Bibi, hii ni fizikia."

Zefania alijipiga paja. "Umesikia, mama? Fizikia!"

"Basi tufanyeje?" Faith aliuliza. "Mimi nilikuwa nachemsha ya kunywa. Hizi siku mbili tatu kuni zimenishinda, nikaacha. Nirudie?"

"Usijisumbue, mama. Maji ya tangini yanatoka kisimani, chini kabisa ardhini, ni safi. Ukitaka usalama zaidi, fungua koki yote hata ukikinga ndoo. Presha itafukuza kila kitu."

Bibi Dorkas alimtazama mjukuu wake. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Haya," alisema. "Ninyi ndio mmesoma."

Kuanzia kesho yake, koki ilifunguliwa yote, asubuhi na jioni. Maji yaliruka, povu jeupe. Lea aliyatazama akaridhika.

Siku ya nne tumbo lilimsumbua Lea mwenyewe, likapita. Mama yake naye akashinda amelala nusu siku. Wakasema ni mlenda uliolala. Bibi hakusema kitu. Alikwenda chooni, akarudi, akaenda tena. Mzee wa watu aliona haya kutangaza habari za tumbo lake mbele ya mwanawe. Kulipokucha siku iliyofuata, Lea alimkuta amelala ubavu, midomo imekauka, na ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama.

"Bibi, mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ni tumbo tu."

Lea alikimbia jikoni. Somo la afya alilikumbuka sawasawa. Maji lita moja. Sukari vijiko sita vya chai. Chumvi nusu kijiko cha chai. Akachota maji ndooni, akakoroga, akakimbia na kikombe. Akamwinua Bibi kichwa.

"Maji ya wapi haya?" Bibi aliuliza.

"Ya bomba, Bibi. Kunywa."

Bibi aliangalia kikombe, kisha akamwangalia Lea. Akanywa yote. Lea akaenda kuchota mengine.

Saa tatu walikuwa zahanati. Muuguzi Ziada alimtundikia dripu, akaita gari la kumpeleka hospitali. Gari lilipofika, Bibi alikuwa hajibu tena. Saa sita mchana, Bibi Dorkas alifariki.

"Mngemleta jana," muuguzi alisema kwa upole. "Mtu mzima akihara na kutapika, msisubiri hata nusu siku. Maji mnayokunywa ni ya wapi?"

"Ya bomba," Zefania alijibu. "Yana presha nzuri sana."

Muuguzi alichukua kalamu. Aliandika kitu kwenye daftari lake.

Walimzika Bibi Alhamisi. Jumamosi yake, Chediel, fundi bomba wa kamati ya maji ya kijiji, alipiga hodi uani. Muuguzi ndiye aliyemtuma.

"Mbukwenyi," alisalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa," Zefania aliitika. "Karibu, fundi. Umetukuta hivi hivi."

"Shikamoo," Lea alisema.

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana na msiba. Naomba nitazame bomba lenu, kutoka juu mpaka chini."

Walipanda wote. Chediel alipouona ule mpira wa baiskeli, alisimama. Alivua kofia yake, akaivaa tena. Kidimbwi kilikuwepo, kimejaa, na kwato za mbuzi pembeni. Lile jiwe la Bibi nalo lilikuwepo. Lea hakuweza kulitazama.

"Mama Lea," fundi alisema, "niletee masizi ya chungu kwenye maji. Halafu ushuke ukakinge beseni jeupe pale kwenye koki. Nikipiga mluzi, fungua kidogo. Nikipiga wa pili, fungua yote."

Masizi yakaletwa. Chediel aliyamwaga kwenye kidimbwi, maji yakawa meusi tii. Akapiga mluzi. Kidimbwi hakikubadilika. Akapiga wa pili.

Lea alichuchumaa karibu. Kwanza hakuna kitu. Kisha maji meusi yakaanza kusogea. Yalisogea kwenye mpira, yakazama kwenye mkunjo wake. Akasikia na sauti ndogo, kama mtu anayenyonya uji wa moto pembeni ya kikombe. Jani kavu likaja, likanata kwenye mpira. Lea alilitoa kwa kidole. Likarudi.

Huko chini mama yake akapiga kelele, "Meusi! Yanatoka meusi!"

Lea aliliacha lile jani. Akakaa chini, kwenye tope.

"Linakunywa," alisema. "Bibi alisema linakunywa."

"Alisema?" Chediel aliuliza.

"Alituambia wote. Mimi nikamwambia maji yakienda kasi presha inakuwa kubwa. Nikamwambia ni fizikia."

Chediel alikaa kwenye jiwe. Hakuwa mtu wa kusoma sana. Alijifunza kazi kwa kubeba mikebe ya gundi ya mafundi wengine. Lakini mabomba aliyajua.

"Sikiliza, mwanangu. Kosa hili tunalo karibu wote. Tukiona maji yanaruka tunasema yana presha. Ile si presha, ule ni mwendo. Presha ni jinsi maji yanavyosukuma ukuta wa bomba kutoka ndani. Koki ikifungwa, maji yamesimama. Hayaendi popote, lakini yanasukuma ukuta kwelikweli. Ndiyo maana mpira unavuja koki ikiwa imefungwa."

"Na yakikimbia?"

"Fikiria mwenyewe. Maji yanatoka kwenye bomba nene, yanaingia kwenye jembamba. Yanaongeza mwendo. Kitu kinaongezaje mwendo?"

"Kikisukumwa," Lea alisema polepole.

"Kutoka upande gani?"

"Kutoka nyuma."

"Basi nyuma, kwenye bomba nene, kunasukuma zaidi kuliko mbele. Kwa hiyo kwenye jembamba presha iko vipi?"

Lea aliutazama ule mpira. "Ni ndogo."

"Ni ndogo. Na hapa mmeongeza na mteremko. Maji yanayoshuka kwa kasi kule chini yanayavuta ya huku juu. Presha inashuka mpaka inakuwa ndogo kuliko ya hewa hii tunayovuta. Hewa nayo inasukuma, hata kama hatuioni. Inakisukuma hata kidimbwi. Ndani kukilegea, nje kunashinda. Maji ya kidimbwi yanasukumwa ndani ya bomba, na mkojo wa mbuzi, na kinyesi, na vijidudu vyote."

"Mimi niliwaambia wafungue koki yote," Lea alisema.

Chediel hakumdanganya. "Ndiyo. Ukifungua yote, linakunywa zaidi."

Sasa hebu sikia kilichomchoma Lea. Jambo lile alikuwa analijua. Mwezi wa kumi na moja, kwenye mtihani, swali lilikuja na mchoro wa bomba nene na jembamba. Alijibu kwa Kiingereza kizuri kwamba mwendo ukiongezeka, presha hupungua. Mwalimu alimwekea alama ya vema kwa wino mwekundu. Aliandika kama mtu anayenakili jina la mgeni asiyemjua. Hakujua kama bomba la kwenye mtihani ndilo hili la nyuma ya nyumba yao. Kiingereza kilibaki shuleni, na nyumbani presha ikarudi kuwa maji yanayoruka.

Zefania alikuwa amesimama pembeni muda wote. Sasa alisogea, akakata fundo lake kwa kisu.

"Usijibebeshe peke yako," alimwambia binti yake. "Nililifunga mimi. Na mama aliposema, nilicheka wa pili."

Wakalia, baba na mtoto, pale pale juu. Chediel akajishughulisha na mkoba wake.

Kazi ilianza siku hiyo hiyo. Chediel aliweka kipande kipya chenye unene ule ule wa bomba, akakiunga kwa soketi za plastiki na gundi ya bomba. Mpira hapana. Zefania na Lea walichimba mtaro, kina cha kufika mapajani, kutoka juu mpaka uani. Bomba likafukiwa. Walijaza udongo kidimbwi, wakazungushia miiba mbuzi wasipite. Fundi akaweka dawa ya kuua vijidudu ndani ya bomba, akaiacha, kisha maji yakamwagwa mpaka harufu ikaisha.

"Shikeni jambo moja," alisema akifunga mkoba. "Bomba linaloweza kutoa maji nje linaweza kuingiza uchafu ndani. Likivuja hata tone, niiteni. Na ya kunywa chemsheni mpaka yatokote, hata kama bomba ni jipya. Na mkimchanganyia mgonjwa sukari na chumvi, iwe kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa."

Lea aliinamisha kichwa. Hilo la mwisho lilimwingia peke yake.

Wiki iliyofuata alizunguka na Chediel nyumba kwa nyumba. Walikuta maungio tisa ya mpira wa baiskeli. Tisa! Kila nyumba ilisema ile ile, kuvuja kidogo si kitu. Kila mahali Lea aliomba masizi na beseni jeupe. Hakuhitaji kuhubiri. Watu waliona maji meusi, wakashika vichwa. Mvua ziliponyesha, muuguzi Ziada alisema waliokuja na kuhara msimu huo walikuwa wachache kuliko misimu yote aliyokaa pale. Nyumbani kwa Zefania hakuumwa mtu. Vitoto vya mbuzi vilipata mchungaji mwingine.

Januari Lea alirudi shule. Ndani ya begi, katikati ya nguo, alibeba kile kipande chembamba pamoja na mpira wake.

Siku moja Mwalimu Abdillahi, mwalimu wa fizikia, alikuwa anarudia somo la mwendo wa maji. Lea alinyoosha mkono, akaomba aulize swali kwa Kiswahili. Mwalimu akamruhusu. Lea alichora ubaoni bomba nene linaloingia kwenye jembamba.

"Hili ni bomba la nyumbani, maji yanapita. Presha kubwa iko wapi?"

"Pale pembamba!" darasa likajibu karibu lote.

Mwalimu Abdillahi aliweka chaki mezani. Hawa ndio waliofaulu somo lake muhula uliopita.

"Yanakwenda kasi, yana presha," alieleza Idrissa, kijana wa mbele. "Ukibana mpira wa maji si yanaruka?"

Lea alitoa karatasi mbili, akampa Idrissa. "Zishike zining'inie, ziachane kidogo. Puliza katikati."

Idrissa akapuliza. Alitarajia zitaachana. Zikakaribiana, zikagusana. Akapuliza tena, kwa nguvu zaidi, kana kwamba karatasi zimekosea. Zikabanana zaidi.

"Palipo na mwendo katikati, presha imepungua," Lea alisema. "Hewa ya pembeni imezisukuma ndani. Bomba nalo hivyo hivyo." Kisha akatoa kile kipande begini, akakiinua juu. "Hapa kwenye mpira palikuwa panavuja, na nje kulikuwa na kidimbwi. Koki ikifunguliwa yote, bomba linakunywa."

Idrissa alicheka. "Bomba linakunywaje? Bomba si linanywesha!"

Darasa zima likaangua kicheko. Lea alisubiri kiishe.

"Ni usemi mzuri sana," Mwalimu Abdillahi alisema. "Mimi miaka yote nafundisha hapa, sijapata kulieleza jambo hili vizuri hivyo. Nani alikwambia?"

"Bibi yangu. Aliona kwa macho yake, akichunga mbuzi."

"Mlete siku ya wazazi," mwalimu alisema huku akitabasamu. "Aje atufundishe sote."

Lea alikikumbatia kile kipande cha bomba kifuani.

"Hawezi kuja, Mwalimu," alisema. "Aliyanywa yale maji. Nilimpa mimi."